Vijidudu vya Damu ya Ndege na Namna Vilivyopata Majina

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwenye kijitabu hiki asome polepole pamoja nami, na ambaye bado hajasoma upesi asikilize kwanza, kisha arudie maneno kwa kidole. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya viumbe vidogo mno vinavyoishi ndani ya damu ya ndege, wanyama na watu, na ya namna watu walivyojitahidi kuvitambua na kuvipa majina.

Labda utauliza: jina la kijidudu lanihusu nini mimi mkulima, au mvuvi, au mama muuza dagaa? Subiri kidogo. Kabla somo halijaisha utaona kwamba katika nchi hizi zinazolizunguka Ziwa Viktoria palikuwa na wakati ambapo njia ya hakika ya kujua jina la kijidudu fulani ilikuwa kumchoma mtu mzima sindano na kumtia ugonjwa. Njia hiyo imekwisha kuachwa. Iliyosaidia kuiondoa ni elimu ya kemia. Hebu tuifuate habari hii hatua kwa hatua, na tuanze na kuku.

1. Kuku wa Mpumu

Mwaka 1901 madaktari wawili wa hospitali ya Mengo katika Uganda, ndugu Albert na Jack Cook, waliona wagonjwa wa ugonjwa ambao hawakuwa wameuona huko kabla. Mgonjwa alipata homa, akakonda, akawa mtu wa kusinzia mchana, na mwisho akafa. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Ulienea upesi katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache zaidi ya watu 200,000 walikufa.

Wataalamu wakatumwa kutoka Uingereza. Mmoja wao, Aldo Castellani, alikiona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akafika David Bruce pamoja na mkewe Mary, ambaye alifanya kazi naye bega kwa bega. Bruce akaonyesha kwamba kijidudu hicho, kiitwacho tripanosoma, huchukuliwa na mbung'o, yaani ndorobo. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, aliyefanya kazi upande wetu wa ziwa, alionyesha kwamba kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa ndipo kiweze kumwambukiza mwingine.

Tangu 1908 hadi 1910 Bruce na wenzake walikaa katika kambi ya Mpumu, huko Uganda, karibu na ziwa. Huko walichunguza damu ya wanyama wengi: ng'ombe, mbuzi, wanyama wa porini, na kuku wa kijijini. Kwa nini kuku? Fikiri nawe. Mbung'o hanyonyi damu ya mtu tu. Hunyonya mamba, kenge, ng'ombe, hata ndege. Ukimpasua mbung'o ukakuta vijidudu tumboni mwake, utajuaje kama ni vya malale au ni vya mamba au vya ndege? Lazima kwanza ujue kila mnyama ana vijidudu gani vyake.

Katika damu ya kuku wakaona tripanosoma nyingine. Mwaka 1911 walitangaza habari zake na kuiita Trypanosoma gallinarum, yaani tripanosoma ya kuku. Basi kumbuka: moja ya vijidudu vya damu ya ndege vyenye jina katika vitabu vya dunia nzima ilipewa jina kutokana na kuku wa kando ya ziwa letu hili.

(Mwalimu, simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi: nani alikuwa Mpumu, na kwa nini alichunguza kuku?)

2. Njia ya kwanza: macho

Je, watu wa Mpumu walijuaje kwamba kijidudu cha kuku ni aina ya peke yake? Walitumia macho. Walichukua tone la damu, wakalipaka juu ya kipande cha kioo, wakaliacha likauke, wakalitia rangi. Kisha waliweka kioo chini ya hadubini, chombo kikuzacho vitu vidogo. Wakapima urefu wa kijidudu, wakatazama mahali kiini chake kilipo na namna mkia wake ulivyo, wakachora picha.

Njia hii ilikuwa na heshima kubwa, na ilistahili. Mwaka 1880 Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliviona kwa macho vijidudu vya malaria katika damu ya askari. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 Vasily Danilewsky, katika mji wa Kharkov, alikuta vijidudu vya namna nyingi katika damu ya ndege. Mwaka 1898 Ronald Ross, akiwa Calcutta katika India, aliwatumia ndege wadogo kuonyesha kwamba malaria yao huchukuliwa na mbu. Ndege ndio waliotufungulia mlango wa kuijua malaria ya watu. Ross alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Lakini macho hudanganya, na hudanganya kwa njia mbili. Wewe mwenyewe wazijua zote mbili, kwa maana unakaa ziwani.

Njia ya kwanza ni kama furu. Mvuvi akivuta wavu, samaki hao wadogo wote huwaita furu. Wanafanana. Lakini wataalamu waliowachunguza katika ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walikuta aina nyingi sana, kila moja na chakula chake na mahali pake pa kukaa. Basi sura inaweza kuwa moja, na ukoo ukawa mwingi.

Njia ya pili ni kama kiluwiluwi na chura. Kimoja kina mkia na hukaa majini, mwingine ana miguu na huruka nchi kavu. Mgeni asiyejua angewapa majina mawili. Kumbe ni kiumbe kimoja katika umri mbalimbali. Basi sura zinaweza kuwa nyingi, na ukoo ukawa mmoja.

Makosa yote mawili yaliingia katika vitabu vya vijidudu vya ndege. Katika ndege mmoja tripanosoma zaweza kuwa nyingine fupi na nyingine ndefu. Tena wataalamu wengi walikuwa na desturi hii: wakikuta tripanosoma katika ndege ambaye hajachunguzwa, waliipa jina jipya kwa sababu tu ndege ni mpya. Hata majina ya tripanosoma za ndege yakafika kama mia moja. Je, ni aina mia moja kweli, au ni chache zenye majina mengi? Macho hayakuweza kujibu.

3. Njia ya pili: mwili wa kiumbe

Watu wakatafuta njia nyingine. Wakasema: tusitazame sura ya kijidudu, tutazame tabia yake. Ukitaka kujua kama kijidudu cha kanga ndicho kijidudu cha kuku, mtie kuku asiye na ugonjwa. Kikikubali kukaa ndani yake, huenda ni kimoja. Kikikataa, huenda ni mbali.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa hapa Tanzania. Mwaka 1973 A. M. Fallis, R. L. Jacobson na J. N. Raybould walitangaza kwamba wameweza kuihamisha tripanosoma ya kanga, iitwayo Trypanosoma numidae, katika kanga wengine na katika kuku pia. Mchukuzi wake hakuwa mbung'o bali usubi, yule mdudu mdogo mweusi aumaye kando ya mito yenye maji ya kasi. Kumbe kijidudu chenye jina la kanga hukubali kukaa ndani ya kuku. Jina lilikuwa limetengeneza ukuta mahali ambapo kijidudu chenyewe hakikuona ukuta.

Kwa kuku jaribio hilo si gumu. Lakini sasa tuje kwa binadamu, na hapa nakuomba usikilize sana.

Malale yana vijidudu vya aina mbili. Cha kwanza ni Trypanosoma gambiense, kilichopewa jina mwaka 1902 kutokana na mgonjwa wa Gambia. Huua polepole, pengine baada ya miaka. Cha pili ni Trypanosoma rhodesiense, kilichopewa jina mwaka 1910 na Stephens na Fantham wa Liverpool kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, ambalo leo ni Zambia. Huua upesi, pengine katika miezi. Tena yuko ndugu yao wa tatu, Trypanosoma brucei, aletaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, lakini hamwambukizi mtu. Hao watatu, katika damu ya mgonjwa, chini ya hadubini, wafanana kama furu wa wavu mmoja.

Mwaka 1922 malale yalizuka mashariki ya Mwanza, upande wa Maswa. Charles Swynnerton alikuja kuchunguza mbung'o, na H. Lyndhurst Duke alitoka Uganda kuchunguza vijidudu. Mbung'o wa huko hawakuwa wale wa pwani ya ziwa, bali wa porini, na mwaka 1923 waliitwa Glossina swynnertoni. Swali likawa kubwa: je, mnyama wa porini mwenye tripanosoma damuni ana ile imwuayo mtu, au ana brucei tu? Hilo si swali la vitabuni. Likijibiwa vibaya, watu huhamishwa kijiji bure, au huachwa wakae mahali pa kifo.

Macho hayakuweza kujibu. Kwa hiyo wakageukia mwili. Lakini mwili wa nani? Panya hukubali tripanosoma zote tatu au karibu zote. Kuku hawezi kusema habari za binadamu. Kiumbe awezaye kusema hakika kama kijidudu humwambukiza binadamu ni binadamu.

Tangu mwaka 1934, huko Tinde, katika Shinyanga, wataalamu walianza jaribio refu. Walichukua rhodesiense, wakaihamisha kwa mbung'o kutoka mnyama hata mnyama, mwaka baada ya mwaka. Mara kwa mara waliwapa watu waliojitolea, wapate kuona kama bado yaambukiza. Jaribio hilo liliendelea hata miaka ya 1950. Jibu lake lilikuwa kwamba kijidudu, baada ya miaka mingi ndani ya wanyama, bado kiliweza kumwambukiza mtu.

Mwaka 1958 wataalamu wa Kenya, Heisch, McMahon na Manson-Bahr, walitangaza kwamba wamepata rhodesiense katika pongo, upande wa Nyanza. Waliijuaje? Walimpa mtu aliyejitolea, naye akaugua. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake walionyesha kwa njia hiyohiyo kwamba hata ng'ombe wa Alego, huko Nyanza, hubeba kijidudu hicho. Hii ilikuwa habari kubwa: adui hakuwa porini tu, alilala zizini.

Sasa fikiri juu ya watu hao waliojitolea. Kijidudu kimoja kina jina la Bruce. Mbung'o ana jina la Swynnerton. Lakini hakuna kijidudu wala mdudu mwenye jina la mtu aliyetoa mkono wake achomwe ili sisi tujue. Dawa zilikuwapo, lakini zilikuwa dawa kali, na ugonjwa wenyewe haukuwa mchezo. Damu yao ndiyo iliyokuwa kitabu cha wataalamu.

(Mwalimu, simama hapa. Wanafunzi wazungumze kwa dakika chache: je, ilikuwa haki kumtumia mtu hivi, hata kama amekubali?)

4. Njia ya tatu: kemia

Palihitajika njia isiyotegemea sura wala kumtia mtu ugonjwa. Njia hiyo ikatoka katika kemia ya mwili.

Kila kiumbe chenye uhai kina vitu ndani yake viitwavyo vimeng'enya. Kimeng'enya ni kifanyakazi kidogo cha mwili, chenye kazi ya kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Unacho mdomoni mwako. Tafuna ugali mtupu, bila mboga, kwa muda mrefu bila kumeza. Utaona utamu unakuja. Huo ni utamu wa sukari, kwa sababu kimeng'enya cha mate kimeanza kugeuza wanga kuwa sukari.

Sasa, viumbe wa koo mbalimbali wanaweza kuwa na kimeng'enya cha kazi moja, lakini kimeundwa kwa tofauti ndogo. Ni kama makasia. Kasia la Msukuma na kasia la Mkerewe yote hupiga maji, lakini fundi akiyashika aweza kukuambia lipi limechongwa wapi. Vimeng'enya havionekani kwa hadubini. Basi vitatofautishwaje?

Mwaka 1955 mtaalamu Oliver Smithies, akifanya kazi Toronto katika Kanada, alipata njia nzuri. Alikumbuka kwamba mama yake alipopika wanga wa kutilia mashati ya baba yake, uji ule ulipopoa uliganda. Akaganda wanga namna hiyo kama kipande cha tambi laini. Upande mmoja akatia majimaji ya damu, akapitisha umeme. Umeme ukavivuta vitu vilivyo katika majimaji, vingine upesi, vingine polepole, kila kimoja kwa kadiri ya umeme wake na ukubwa wake. Baadaye akatia rangi, na mistari ikaonekana. Njia hii huitwa elektroforesi.

Fikiri mitumbwi kumi iliyofunguliwa pamoja ufukweni kwa upepo mmoja. Mwepesi mwenye tanga kubwa hufika mbali, mzito hubaki nyuma. Ukirudi baada ya saa moja, mahali kila mtumbwi ulipo pakuambia namna ulivyoundwa, hata kama ulikuwa hujauona kwa karibu.

Wataalamu wakaichukua njia hii wakaipeleka kwa vijidudu vya damu. Mwaka 1970 Richard Carter wa Edinburgh alionyesha tofauti za vimeng'enya katika malaria ya panya wa porini wa Afrika, ambayo ya kwanza yake ilipatikana Katanga, katika Kongo, mwaka 1948. Mwaka 1973 Kilgour na Godfrey wa Uingereza walionyesha kwamba vimeng'enya viwili vyaweza kutenganisha aina za tripanosoma. Mwaka 1980 Gibson, Marshall na Godfrey walitangaza hesabu ya tripanosoma nyingi zilizokusanywa sehemu mbalimbali za Afrika. Gambiense ilijitenga wazi. Lakini rhodesiense na brucei za upande wetu zilikaribiana mno, kama mitumbwi miwili ya fundi mmoja.

Basi usidhani kwamba kemia ilishinda siku moja. Hatua moja ilileta swali la hatua ya pili.

5. Maandishi ya urithi

Hatua ya pili ilikuwa kusoma maandishi yenyewe ambayo mwili hutumia kuunda vimeng'enya. Maandishi hayo huitwa DNA, na sehemu zake huitwa vinasaba. Kila kiumbe huyapokea kwa wazazi wake. Mwaka 1983 Kary Mullis wa Marekani alibuni njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA mara nyingi sana, hata tone moja la damu likatosha kusomwa.

Kwa malale, jibu lilikuja mwaka 1998. Wataalamu wa Ubelgiji walionyesha kwamba rhodesiense ina kinasaba kiitwacho SRA. Damu ya mtu ina kitu kinachoua tripanosoma za kawaida. Ndiyo maana brucei haituambukizi. Kinasaba cha SRA humpa rhodesiense ngao ya kujikinga na kitu hicho. Basi badala ya kumchoma mtu sindano ili kuona kama ataugua, tafuta ngao. Ukiikuta ndani ya tripanosoma ya ng'ombe, umepata adui.

Haikukawia kutumiwa. Mwezi wa Desemba 1998 malale yalizuka Soroti, katika Uganda, mahali ambapo rhodesiense haikuwapo. Wataalamu wakafuatilia, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba ugonjwa umeingia pamoja na ng'ombe waliotoka sehemu zenye malale wakauzwa katika soko la mnada. Kwa kinasaba cha SRA wakawaonyesha ng'ombe wenye vijidudu vya kuambukiza watu. Hakuna mtu aliyetiwa ugonjwa ili kujua hilo. Mwaka 2006 ikaanzishwa Uganda kampeni ya kuwatibu ng'ombe na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o.

Lile swali la Maswa la mwaka 1922, lililojibiwa Tinde kwa miili ya watu, sasa hujibiwa kwa tone la damu ya mnyama.

6. Turudi kwa ndege

Je, na vijidudu vya ndege? Navyo vilisomwa upya kwa kemia. Mwaka 2000 Staffan Bensch na wenzake wa Lund, katika Sweden, walionyesha namna ya kusoma kipande kimoja cha DNA cha vijidudu vya malaria ya ndege na jamaa zake. Mwaka 2009 wakafungua daftari la pamoja liitwalo MalAvi, ambamo wataalamu wa dunia huandika kila ukoo wanaoupata. Kwa macho, aina zilizokuwa na majina zilikuwa zaidi kidogo ya 200. Kwa DNA, koo zilizoandikwa zimefika maelfu. Furu walikuwa wengi kuliko tulivyodhani.

Na kuku wa ziwa letu? Mwaka 2006 Ravinder Sehgal wa Marekani, Gediminas Valkiūnas wa Lithuania na wenzao walitangaza habari za damu ya kuku wa Uganda na Kameruni. Walikuta kijidudu kiitwacho Leucocytozoon schoutedeni, ambacho kilipewa jina mwaka 1913 katika Kongo na huchukuliwa na usubi. Tena walikuta Trypanosoma gallinarum, yule mwenyeji wa Mpumu. Walifanya nini? Walimtazama kwa hadubini kama Bruce alivyofanya, kisha wakasoma DNA yake, wakaandika yote mawili pamoja. Baada ya miaka 95 jina lililotolewa kwa macho likapata ushahidi wa kemia.

Hapo kuna funzo. Kemia haikuyafukuza macho. Maandishi ya DNA bila sura ni kama jina bila mtu: huwezi kujua kijidudu kinakaaje, kinakula nini, kinadhuru au hakidhuru. Na sura bila DNA ni kama mtu bila ukoo. Mwenye busara hushika vyote viwili.

7. Faida yako wewe

Sasa wewe wa Mkuyuni unayefuga kuku watano nyuma ya nyumba, uchukue nini katika somo hili?

Kwanza, ukiona kuku amejikunyata, ameangusha mbawa, usikimbilie kutaja jina. Kuku wengi husinzia kwa sababu mbalimbali. Mdondo huletwa na kirusi, hauna dawa ya kutibu, lakini una chanjo, na chanjo hutolewa kuku wakiwa wazima. Minyoo ni jambo lingine, na vijidudu vya damu ni jambo lingine kabisa. Dalili ni sura tu. Umekwisha kuona jinsi sura inavyodanganya. Mwite bwana mifugo au bibi mifugo, na ikiwezekana damu ipimwe.

Pili, usiogope kuku wako. Trypanosoma gallinarum haijulikani kumwambukiza binadamu, na tripanosoma za ndege kwa kawaida hazimwonyeshi ndege madhara makubwa.

Tatu, ukipata homa isiyokwisha baada ya kuumwa na ndorobo porini, usiseme ni malaria tu ukanunua vidonge dukani. Nenda hospitali, umwambie mganga ulikokuwa. Malale ya upande wetu wa Tanzania ni ya rhodesiense, na hiyo haingoji.

Nne, heshimu swali. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa mataifa mengi wameuliza swali moja kando ya ziwa hili: huyu ni nani hasa? Wengine waliuliza kwa hadubini, wengine kwa sindano, wengine kwa umeme na uji wa wanga. Jibu likiboreka, mzigo wa binadamu ukapungua. Ndiyo maana ya elimu, nayo ndiyo sababu ya wewe kushika kalamu jioni baada ya kazi.

Maneno ya kuandika katika daftari

Hadubini: chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho.
Tripanosoma: kijidudu chenye mkia kinachoogelea katika damu.
Kimeng'enya: kitu cha mwili kinachogeuza kitu kimoja kuwa kingine.
Elektroforesi: njia ya kutenganisha vitu vya mwili kwa umeme.
Kinasaba: sehemu ya maandishi ya urithi tuliyopokea kwa wazazi.

Maswali ya kuzungumza

1. Macho hudanganya kwa njia mbili. Zitaje, kisha toa mfano wako mwenyewe mbali na furu na chura.
2. Kwa nini panya hakutosha kuonyesha kama tripanosoma ya pongo humwambukiza mtu?
3. Watu waliojitolea Tinde na Nyanza walitusaidia nini? Tungewakumbukaje?
4. Jirani yako asema kuku wake wote wamekufa kwa "ugonjwa wa damu". Utamwuliza maswali gani kabla ya kukubali?

Andika jibu la swali la nne katika mistari mitano, umsomee mwenzako.